Kurasa Arobaini za Mzee Magesa

Bahasha ilifika Kahama na basi la Dar es Salaam siku ya Jumanne, na Mzee Magesa akaenda kuipokea stendi akiwa amevaa koti la suti. Karani wa ofisi ya mizigo alimuuliza mna nini ndani, maana daftari lake lina mstari wa kujaza.

"Riwaya," mzee akajibu. "Ambazo bado hazijachapishwa."

Karani alimtazama kidogo, kisha akaandika "karatasi".

Ndani mlikuwa na miswada mitano na barua. Barua ilitoka kwa waandaaji wa tuzo mpya ya riwaya za Kiswahili. Ilieleza kwamba kwa sababu ya barua nyingi, tena kali, ambazo Bwana Magesa amewaandikia wachapishaji wa nchi hii kwa miaka kumi na mitano, ameteuliwa kuwa msomaji wa awali. Asome miswada yote mpaka mwisho, aandike maoni juu ya kila mmoja, kisha apendekeze mmoja tu uende mbele kwa majaji. Miswada ilikuwa na namba badala ya majina. Yeye hatajua waandishi ni akina nani, na waandishi watapewa maoni yake bila kuambiwa yametoka kwa nani. Alipewa wiki tatu.

Aliisoma barua mara tatu palepale, amesimama kati ya wapiga debe na magunia ya mchele. Kumbe kuna mtu alikuwa anamsikiliza miaka yote hiyo! Akainua macho atafute wa kumwambia, akakumbuka kwamba hayupo.

Wa kumwambia angekuwa Liaquat. Kwa miaka ishirini na miwili Liaquat, mwenye duka la vitabu na madaftari hapo mjini Kahama, alikuwa mtu pekee, kwa hesabu ya Magesa, aliyesoma riwaya katika mkoa mzima bila kulazimishwa na mtihani. Magesa alikuwa mpima pamba kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kila Jumamosi mizani ikishafungwa alikwenda kukaa kwenye benchi la duka lile, wakagombana mpaka jua linazama. Kila mwezi wa kumi, ile tuzo kubwa ya dunia ikikaribia kutangazwa, walibashiri mshindi. Aliyekosea aliandika ukurasa mmoja wa kumtetea aliyeshinda. Wote wawili walikosea kila mwaka, kwa hiyo waliandika sana.

Mwaka juzi watoto wa Liaquat walimhamishia Kanada. Mwanzoni alimtumia Magesa ujumbe mrefu wa sauti kwenye simu, akilalamikia baridi na maktaba yenye vitabu vingi kupita kiasi. Baadaye ujumbe ukawa mfupi. Sasa hutuma picha za waridi zilizoandikwa "Ijumaa njema", anazitawanya kwa watu wote alionao kwenye simu, hata kwa Magesa ambaye ni Mkatoliki.

Basi Mzee Magesa akaibana bahasha kwapani, akarudi nyumbani kwa miguu.

*

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mkewe Apolonia, ambaye mtaa mzima wa Nyasubi unamwita Mama Juliana. Juliana, mtoto wao pekee, ana miaka ishirini na tisa na anafanya kazi Rwamgasa kwenye machimbo. Chumba alicholala utotoni kilijaa rafu za vitabu tangu mwaka alipokwenda sekondari ya bweni. Akija likizo hulala sebuleni kwenye godoro.

Mule ndani ndimo Mzee Magesa alimoishi. Vitabu vingine vilitoka kwa Liaquat. Vingine viliachwa na wazungu wa migodini waliomaliza mikataba yao, vikaishia kwenye meza za mitumba hapo mjini, kati ya buti za kazi na majagi ya plastiki. Kiingereza chake alikijengea juu ya vitabu hivyo, na ndiyo maana anaweza kuelezea kiangazi cha nchi za mbali lakini hawezi kuagiza chai kwa lugha hiyo.

Maoni yake juu ya fasihi ya dunia yalikuwa mengi kuliko vitabu vyenyewe. Warusi aliwapenda kwa kuwa majina yao ni marefu na kila mtu anaitwa pamoja na baba yake, kama Wasukuma. Waandishi wa Amerika ya Kusini aliwaona ndugu, maana wanajua kwamba bibi akifa haondoki nyumbani. Wafaransa aliwashutumu kwa kumkalisha mtu chumbani kurasa mia mbili akijihurumia na hali hana hata ng'ombe mgonjwa. Watafsiri, alisema, ndio wangepewa tuzo, kwa sababu wao ndio wanaovuka mto na mzigo kichwani wakati mwenye mzigo amekaa kivulini. Wachapishaji wa hapa nchini aliwaambia kwa maandishi kwamba wao ni wauza vitabu vya kiada tu, na riwaya wanaanza kuipenda siku wizara inapoitia kwenye mtihani. Juu ya tuzo alikuwa na kauli moja aliyoirudia mpaka ikachakaa: kitabu kilichopewa tuzo kabla hakijasomwa na watu ni ng'ombe aliyenunuliwa kwa simu.

Apolonia ameyasikia hayo yote kwa miaka thelathini na moja. Anasoma Biblia na kitabu cha nyimbo, na amejifunza kuitikia "ee" mahali panapofaa.

Mzee alikuwa na kanuni yake ya kusoma, naye aliipenda kuliko sheria za nchi. Ilikuwa kanuni ya kurasa arobaini. Mpima pamba, alisema, hamwagi gunia zima chini ili ajue pamba ni chafu. Anaingiza mkono mara moja, anautoa, anajua. Kitabu nacho ni hivyo hivyo: kikishindwa kukushika katika kurasa arobaini, kirudishe kwenye rafu. Kwa kanuni hii aliwahi kuwarudisha kwenye rafu washindi wawili wa tuzo kubwa ya dunia, na alijivunia jambo hilo kama mtu aliyewahi kumkatalia mkuu wa mkoa kiti.

*

Tusimfiche msomaji, maana hakuna faida. Mswada namba kumi na saba uliandikwa na Juliana.

Aliuandika kwa miezi minane, kwenye simu, baada ya kazi. Huko Rwamgasa ni karani wa mizani kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu. Anaandika mifuko mingapi imeingia na ni ya nani. Kila sura aliyoimaliza alimsomea mama yake kwa simu siku ya Jumapili baada ya misa. Apolonia alibana simu kati ya sikio na bega, ungo wa mchele mapajani, akachambua mawe huku akisikiliza. Wakati mwingine aliacha kuchambua.

"Usimwambie baba," Juliana alimsihi. "Nikishinda ndipo ajue. Akijua sasa atanisoma kama mtoto wake, atanionea huruma. Nataka anisome kama anavyowasoma hao wa mbali."

"Haya, ng'wanone, mwanangu," mama akasema. "Sitamwambia."

Mswada ulimhusu karani wa mahakama anayesikiliza redio tangu asubuhi mpaka jioni. Anawajua mawaziri wa nchi ambazo hajawahi kufika, ila hajui binti yake yuko darasa la ngapi. Juliana alibadilisha mji, akabadilisha majina, na vitabu akavigeuza redio. Alidhani kwamba kwa msomaji mzuri hilo ni pazia jepesi tu.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi mchana, Mzee Magesa alianza namba kumi na saba. Apolonia alikuwa jikoni, kibanda cha uani kilicho mkabala na dirisha la chumba cha vitabu. Alishampelekea mumewe ugali wake na mlenda, akauweka juu ya rundo la riwaya, mahali pake pa kila siku. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda na sahani yake, anaanza kula. Akamsikia mumewe anacheka.

"Mama Juliana! Hebu sikia hii." Akasoma kwa sauti, kupitia dirishani: "'Mama alipasha mboga mara ya tatu. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaweka sahani magotini, akala peke yake, taratibu, kama mtu anayekula kwenye msiba wa watu asiowajua.'"

Tonge la Apolonia lilisimama hewani. Sentensi ile aliijua. Alipoisikia mara ya kwanza kwenye simu alimwomba Juliana airudie, akasingizia mtandao.

"Umesikia?" mzee akaendelea. "Ukurasa wa thelathini na saba. Mwandishi anatuambia hapo ni Usukumani. Usukumani nani anakula peke yake? Wanaume wako shikome, kwenye moto wa uani, na vijana wao. Wanawake wako jikoni na watoto, na jirani anayepita anavutwa mkono. Kwetu anayekula peke yake ni mchawi au mgonjwa. Huyu ni mtu wa mjini, ametazama ramani akaandika."

Apolonia alilirudisha tonge kwenye sahani. Alilitazama jiko lake: masufuria matatu, ndoo ya maji, kigoda kimoja. Tangu Juliana aende bweni, miaka kumi na mitano iliyopita, hakuna mtu mwingine aliyekula mle.

"Labda yuko mwanamke anayekula hivyo," akasema.

"Wapi? Mtaje."

Angeweza kumtaja. Neno lilimfika mdomoni, akaikumbuka ahadi yake akalimeza. Baada ya kitambo akanawa mikono, akavuka ua, akasimama mlangoni mwa chumba cha vitabu.

"Baba Juliana, hicho kisome mpaka mwisho."

"Nimefika arobaini na moja. Nimempa mmoja wa nyongeza."

"Soma mpaka mwisho. Nakuomba."

Alimtazama juu ya miwani, kwa mshangao wa mtu ambaye kiti kimemsemesha. "Tangu lini wewe umekuwa mtu wa miswada?"

"Si mimi niliyesema. Barua yao imesema, soma yote."

"Barua imeandikwa na makarani. Mkono ukishaingia kwenye gunia umeingia, Mama Juliana. Nimepima pamba miaka ishirini na sita."

"Wakulima waliokuibia waliuweka mchanga katikati, ulikuwa unanisimulia mwenyewe. Juu pamba safi, katikati mchanga. Mbona na kitu kizuri hakiwezi kuwa katikati?"

Mzee Magesa alicheka kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma Apolonia kuliko kama angegombezwa. "Umejitahidi," alimwambia. "Mlenda umepungua chumvi leo."

Akarudi jikoni. Ugali ulikuwa umepoa, akaufunika kwa sahani nyingine.

Jioni hiyo mzee aliandika maoni yake kwa mwandiko wake mzuri wa mpima mizani, kabla ya kwenda kuyapigisha chapa steshenari. *Namba 17. Lugha ni safi, lakini mwandishi hakijui anachokiandika. Baba wa namna hii hayupo. Ni mzaha umevishwa suruali. Wala hakuna mama wa Kisukuma anayekula peke yake nyumbani kwake. Namshauri mwandishi akae kwanza katika nyumba ya kawaida ya Kisukuma, atazame kwa makini, ndipo ashike kalamu. Kuupeleka mswada huu mbele ni kununua ng'ombe kwa simu.*

Alipendekeza namba tisa, uliomkumbusha Warusi. Chini ya fomu palikuwa na mstari unaosema kwamba msomaji amesoma miswada yote mpaka mwisho. Akatia sahihi.

*

Maoni yalimfikia Juliana wiki tano baadaye, kazini, kwa barua pepe. Karasha lilikuwa linanguruma na vumbi jeupe limetanda mpaka kwenye kope. Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya mbao, daftari mbele yake, na mchimbaji mmoja aitwaye Onesmo alikuwa anamsubiri aandikishe mawe yake.

Alisoma mstari wa kwanza akaelewa kwamba ameshindwa. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Akaendelea taratibu mpaka mwisho, akafika kwenye ng'ombe wa simu.

Kauli ile aliisikia akiwa na miaka saba, akiwa amekaa chini ya benchi la duka la Liaquat anachora kwenye gamba la daftari. Hakuna mtu mwingine duniani anayeisema.

"Dada Juliana, vipi, kalamu imegoma?" Onesmo akauliza. "Mifuko saba. Ya duara la Mwigulu."

"Saba," Juliana akasema. Akaandika saba. Akaandika jina la Mwigulu, mwenye shimo la mawe hayo. Kisha akatoka nje ya uzio, akaenda mpaka mahali ambapo karasha halisikiki sana, akampigia mama yake.

"Mama. Mwezi uliopita baba alikuwa anasoma nini?"

Upande wa pili Apolonia aliweka ungo chini.

"Ulijua?"

"Nilijua alipofika kwenye kigoda."

"Na hukumwambia?"

"Ulinikataza, ng'wanone." Mama alikuwa analia, na Juliana alisikia jinsi anavyojizuia asisikike. "Nilimwambia asome mpaka mwisho. Sikuwa na neno jingine la kusema ambalo si kuvunja ahadi."

Kukosa tuzo hakukumuuma Juliana sana. Alichotaka, baba yake amsome kama mtu wa mbali, amekipata chote bila kupungua. Aliumizwa na yale maneno matano: baba wa namna hii hayupo.

*

Alifika nyumbani Jumamosi saa sita mchana, na mfuko wa mchele na vumbi la Rwamgasa kwenye viatu. Akamwamkia baba yake mlangoni mwa chumba cha vitabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu! Umekuja wakati mzuri." Mzee alikuwa na furaha ya kweli. Kazi ya siri ilikuwa imekwisha, na ulimi ulikuwa unamwasha. "Kuna jambo kubwa nilipewa na watu wa Dar. Siruhusiwi kusema. Lakini jua tu kwamba hatimaye, katika nchi hii, kuna watu wanaothamini msomaji. Si mwandishi, msomaji! Kila mtu siku hizi ni mwandishi."

"Hongera, baba."

Alisogeza rundo la vitabu akakaa mahali kilipokuwa kitanda chake zamani. Akatoa simu. "Nina maandishi hapa, nataka nikusomee. Uniambie unayaonaje." Akasoma, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, tangu "Lugha ni safi" mpaka "kununua ng'ombe kwa simu".

Uso wa Mzee Magesa ulichanua. Miaka yote aliyoishi, hakuwahi kusikia maneno yake yakisomwa na mtu mwingine. "Umeyapata wapi?" akauliza, na akasimama kabisa. "Wameyachapisha? Yako gazetini?"

Apolonia alikuwa amefika mlangoni na maji ya kunywa. Aliposikia swali hilo aliinamisha uso kwa aibu, aibu ya mtu anayemwona mumewe amevaa shati kinyumenyume mbele za watu.

"Hawajayachapisha," Juliana akasema. "Nimetumiwa mimi. Namba kumi na saba ni mimi."

Mzee alibaki amesimama. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilisahauliwa usoni kwa muda, halina kazi. Kisha akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama.

"Hapakuwa na jina," akasema.

"Hapakuwa."

"Ningejuaje? Utaratibu ndivyo ulivyo. Hata huko duniani..."

"Mama alijua bila jina."

Akamgeukia mkewe. Apolonia aliweka jagi chini, polepole, asimwage.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unaandika?" mzee akamuuliza binti yake. "Mimi, katika watu wote! Ningekuonyesha, ningekupa vitabu..."

"Hukuuliza, baba. Mwaka wa sita huu niko Rwamgasa. Hujaniuliza hata siku moja nikitoka kazini nafanya nini. Umeshaniuliza kama wachimbaji wanasoma." Hakupandisha sauti. "Nikakujibu hawasomi. Ukasema ulijua."

Ni kweli. Alilikumbuka jibu hilo, hata alikuwa amelitumia kwenye barua moja kwa wachapishaji.

Kuku walikuwa wanaparua uani. Mzee Magesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Alipozungumza aliuliza swali ambalo msomaji yeyote hulikuta ulimini mwake, na hakujua kwamba ndilo baya kuliko yote.

"Kinaishaje?"

Juliana alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Redio inaisha betri," akasema. "Baba hatumi mtu dukani. Anabeba sahani yake anakwenda jikoni kwa mama. Hawasemi kitu. Wanakula." Akaizima simu akaiweka mfukoni. "Niliogopa majaji watasema mwisho huo si wa kweli. Sikujua kwamba wewe utaukataa mwanzo."

*

Aliondoka Jumapili baada ya misa. Jumatatu asubuhi Mzee Magesa alipiga simu Dar es Salaam, akapokelewa na Kudra, katibu wa tuzo, ambaye sauti yake ilikuwa na adabu ya kutosha watu wawili.

"Nataka kubadilisha maoni yangu, binti yangu. Juu ya namba kumi na saba."

"Mzee wangu, majaji wameshapewa orodha yao. Kuna tatizo gani?"

Angeweza kusema kwamba mwandishi ni mwanawe. Hapo namba kumi na saba ingefutwa, isipokelewe hata mwakani. Akachagua ukweli mwingine, unaomwangukia yeye peke yake. "Niliusoma mpaka ukurasa wa arobaini na moja tu."

Alisikia feni inazunguka upande wa pili.

"Ulikuwa na kurasa mia moja tisini na nne, mzee."

"Najua."

"Na ulisaini."

"Nilisaini. Naomba basi mnirudishie nakala ile, niimalizie. Kwa ajili yangu tu."

"Nakala za wasomaji huchanwa, mzee wangu. Ndio utaratibu." Kudra akasita, kisha akasema maneno ambayo bila shaka amefundishwa kuyasema kwa wote. "Tunakushukuru sana kwa mchango wako."

Mzee Magesa amesoma barua za kukataliwa za kutosha kwenye riwaya za mataifa manane. Alijua kwamba hawatampigia tena. Alifikiri amwambie Liaquat, akaifungua simu, akakuta waridi la Ijumaa iliyopita. Akaandika: *Rafiki yangu, nimefanya kosa.* Akalitazama neno "kosa" kwa muda, akafuta yote. Angeanzia wapi? Katika ugomvi wao wote, miaka ishirini na miwili, hawakuwahi kuzungumzia wake zao wala watoto.

Badala yake akamwandikia Juliana. *Mwanangu, naomba niusome mswada wako wote.* Siku mbili hazikuleta jibu. Alikaa kwenye chumba chake na kila kitabu alichoshika kilimchosha. Warusi walimchosha. Siku ya tatu jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, simu ikalia.

*Mama anaujua wote. Muulize yeye.*

Aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyoisoma barua ya tuzo. Ugali wake ulikuwa umeshaletwa, umewekwa juu ya rundo la riwaya, nsansa, ile mboga ya majani yaliyokaushwa, pembeni na maziwa ya mgando kwenye kikombe. Alipima moyoni umbali wa kutoka hapo mpaka jikoni. Ni hatua kumi na mbili. Akainuka, akashika sahani kwa mikono miwili kama mgeni, akavuka ua.

Apolonia alikuwa ameinamia beseni, anasugua sufuria kwa majivu. Aligeuka akamwona mumewe amesimama mlangoni na sahani yake, na akaelewa yote, kwa sababu mwisho wa hadithi ile aliusikia Jumapili moja ya mwezi wa pili, akalia mpaka mchele ukalowa.

"Nimekuja tule," mzee akasema.

"Nimeshakula, Baba Juliana."

Hakusema kwa hasira wala kwa kumkomoa. Alikuwa ameshakula. Saa ile siku zote huwa ameshakula.

Mzee aliangaza macho atafute pa kukaa. Kigoda kilikuwa kimoja na mkewe alikuwa amekikalia. Akaifunika ndoo ya maji, akakaa juu yake, akaweka sahani magotini. "Nilikuwa nauliza," akasema, "kama utanisimulia. Kuanzia pale nilipoachia."

"Kesho," Apolonia akasema. "Leo mgongo unauma." Akarudi kwenye sufuria yake.

Basi Mzee Magesa akala. Alisikia majivu yakikwaruza sufuria, na alitamani mkewe aseme jambo lolote, hata juu ya chumvi. Alikata tonge, akachovya, akatafuna, akakata jingine. Alipofika katikati ya sahani, sentensi ya ukurasa wa thelathini na saba ikamjia nzima, na ile sahani na yale magoti na ule msiba. Aliirudia kimoyomoyo tangu mwanzo, kwa mazoea, akitafuta neno la kusahihisha. Hakuliona.